Watoto wetu wanajua hesabu gani? Tusingoje mwaka wa sita ndipo tuwaulize

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa harakati, Goma

Aksanti kwa kufika, zaidi ninyi mliotembea kwa mguu toka Ndosho kwa kukosa franga ya moto. Tunajua wengi walifikiri leo tutazungumza juu ya maji, ao barabara, ao usalama, ju njo mambo tunasemaka kila siku hapa. Leo tutazungumza juu ya saba na tano: ukiziweka pamoja zinakuwa ngapi, na mtoto wa mwaka wa pili anapitia wapi mpaka kufika kwenye jibu. Msicheke. Hii nayo ni kazi ya raia.

Tuanze na sheria, halafu tutaiacha. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika masomo ya Serikali. Tuliingoja miaka 13. Ilipofika mwezi wa 9 mwaka 2019 njo bure ikaanza kweli, na watoto waliokuwa wanafukuzwa kila mwezi ju ya prime wakaingia darasani. Ni jambo kubwa, na hatutaki mtu achukue maneno yetu ya leo kwa kulipiga. Lakini sisi tulioingia kwenye hayo madarasa tumeona: benchi la watoto watatu wanakaa watano, wengine chini, mwalimu mmoja mbele ya watoto kupita 80. Na mwalimu mwenyewe pengine ni wa "nouvelles unités", ni kusema anafundisha lakini jina lake halijafika kwenye orodha ya mishahara. Wakubwa wanatangaza watoto wangapi waliingia. Hakuna anayerudi kwenye kartiye kutuambia hao walioingia wanajua nini sasa.

Mtatujibu: kuna buletini, na kuna mtihani wa taifa. Buletini inasema 60 kwa 100. Sitini ya nini? Mzazi anaisoma, anafurahi ao anapiga mtoto, lakini haimwambii kama mtoto anajua kuhesabu mpaka 20, ao kama anajua kwamba 41 inapita 14. Mtihani wa taifa nao unakuja mwisho wa mwaka wa sita. Kama mtoto alipotea kwenye mwaka wa pili, siku ile ya makumi na moja-moja, amejenga miaka minne juu ya shimo. Pale anakosa mtihani, tunasema "hana akili ya hesabu." Nani alimuuliza mapema?

Kuna vipimo vingine vya wakubwa. Mwaka 2019 inchi yetu iliingia katika PASEC, pamoja na inchi zingine 13 zinazotumia Kifaransa, na walipima watoto wa mwaka wa pili na wa mwaka wa sita. Ni kazi nzuri. Lakini inachagua masomo kidogo kwa kusemea inchi nzima, na ripoti yake inakaa kwenye biro. Haiwezi kumwambia mama wa Majengo kitu juu ya mtoto wake mwenyewe.

Kwa hiyo tulijaribu wenyewe. Na tuwaambie ukweli: mara ya kwanza tuliharibu.

Ilikuwa Jumamosi, kwenye kiwanja cha jirani mmoja. Tuliwapanga watoto kwenye benchi moja, sisi tukasimama mbele na karatasi, tukauliza kwa sauti kama inspekta. Mtoto wa kwanza anajibu, wa pili anarudilia, wa tatu anarudilia jibu la wa pili hata kama swali limebadilika. Tukafika kwa msichana wa karibu miaka 7. "Saba kuongeza tano?" Kimya. "Mbili kuongeza tatu?" Kimya, anaangalia miguu yake. Mmoja wetu akaandika sifuri. Mama yake alikuwa nyuma yetu anatupa makala kwenye imbabula. Akatuambia: "Uyo? Uyo njo anauzishaka mandazi yangu asubui. Hajanipotezea hata franga mia."

Tuliona haya. Tukaacha karatasi, tukakaa chini pamoja naye, tukanunua. Mandazi moja franga 100. Tupatie tatu, hii ni mia tano. Alirudisha mia mbili kabla hatujamaliza kusema. Tupatie nne, hii ni elfu moja. Hapo alipanda kwa vidole: mia tano, mia sita, mia saba, mpaka akafika kwenye elfu, akatupa mia sita. Hakutosha nne kwenye kumi kama tulivyofundishwa sisi. Alipanda kutoka bei mpaka kwenye franga iliyotolewa, kama wafanyavyo mama wa soko. Halafu tukamwandikia: 500 − 300. Akaangalia, akasema: "Ile hawayatufundisha."

Sisi si wa kwanza kuona jambo hili. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walitangaza utafiti wa mji wa Recife, kule Brazili. Walichukua watoto 5 tu, wa miaka 9 mpaka 15, wenye kuuza barabarani na sokoni. Waliwanunulia vitu vyao na kuwauliza bei: majibu 98 kwa 100 yalikuwa ya kweli. Kisha wakawapa hesabu za namna ile ile kwa kalamu na karatasi. Zile zilizokuwa ndani ya kisa, kisa cha kununua na kuuza, walipata karibu 74 kwa 100. Zile za namba tupu, 37 kwa 100. Watoto wale wale! Watano ni wachache, hatuwezi kusemea dunia nzima. Lakini Jumamosi ile yule wa sita alikuwa ameketi mbele yetu, na sisi tulikuwa tumemwandikia sifuri.

Sasa msitoke hapa mukisema: basi soko linatosha, masomo ya nini. Hapana. Wiki iliyofuata tulikutana na kijana mdogo wa miaka 8 hivi, mjanja wa franga kabisa, anajua noti zote. Tukagundua anazijua kwa rangi na kwa picha. Tukamwandikia 14 na 41, tukamuuliza kubwa ni ipi. Akacheka: "Iko sawa, muligeuza tu." Huyo soko limemfikisha pale linaweza kufika. Kesho atasoma mizani, atasoma dawa vidonge vingapi kwa siku, atasoma mkataba. Hapo noti haina rangi ya kumsaidia. Huyo anahitaji mwalimu, tena haraka, na mwalimu wake hajui ju katika watoto 80 yeye anaitika kwa sauti pamoja na wengine.

Kuitika. Tuseme kidogo juu ya hiyo. Mnakumbuka sisi wote tulivyoimba namba? Darasa nzima, moja mpaka mia, mwalimu na fimbo kwenye ubao. Kuimba si kubaya, mtoto lazima ajue mfuatano. Lakini wimbo unaweza kwenda mbali na akili ikabakia nyuma. Mpe mtoto mawe 12 ahesabu. Akimaliza, muulize: "Sasa ni mawe ngapi?" Kuna atakayesema kumi na mbili. Kuna atakayeanza tena: moja, mbili, tatu... Yule wa pili anajua wimbo, ila hajajua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja njo inasema vyote ni vingapi. Ni swali moja la sekunde kumi, na linakuonyesha kitu buletini haitakuonyesha hata siku moja.

Swali lingine tunalipenda. Andika 23. Mwambie mtoto apange mawe 23. Zungushia ile 3 kwa kalamu: "Hii inaonyesha mawe gani?" Anakuonyesha matatu, sawa. Zungushia ile 2. Wengi wa mwaka wa pili, na hata wa tatu, wanakuonyesha mawe mawili. Tukamuuliza mmoja: na hii mingine 18 ni ya nani? Akatuangalia kama sisi njo tumepotea.

Na hapa luga inaingia. Nyumbani kwetu tunasemaka "makumi mbili na tatu." Vitabu vinasema ishirini na tatu, na ni vizuri mtoto aijue. Lakini sikilizeni makumi mbili na tatu: jina lenyewe limefungua mfuko, mnaona makumi mawili ndani na tatu pembeni. Kumi na moja inajieleza. "Onze" haielezi kitu, unaikariri tu. "Septante" angalau inafanana na sept. "Quatre-vingts" ni nne mara makumi mbili, hata mtu mwenye lisansi akifikiri sana anachoka. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 inasema luga za taifa ao luga za mahali zitumike katika kufundisha. Sasa ukimfundisha mtoto kwa Kiswahili halafu ukampima kwa Kifaransa, umepima Kifaransa. Umeandika "hesabu" juu ya karatasi, lakini ulipima kitu kingine.

Tena tusidanganyane kwamba Goma wote wanahesabia kwa Kiswahili. Kuna nyumba za Kinyarwanda, za Kinande, za Mashi, za Lingala. Na kuna watoto, wale wa masomo ya franga nyingi, ukiwaambia sabini hawaijui, ukisema septante wanaruka. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, kabla ya jiwe lolote, ni hili: "Kwenu munahesabiaka mu luga gani?" Na maneno mengine yafuate nyumba vilevile. Kwetu kutosha ni kuondoa. Ukimwambia mtoto "tosha tatu mu saba" anakuelewa.

Tuje kwenye makosa, ju huko njo kuna utajiri. Mtoto ameandika 42 − 17 = 35. Mwalimu aliyechoka anapiga msalaba mwekundu, ana madaftari mengine 79 yanamngoja. Lakini angalieni: saba na mbili, akatosha ndogo kwenye kubwa, tano. Moja kwenye nne, tatu. Huyu hakubahatisha. Ana kanuni yake: siku zote tosha ndogo kwenye kubwa. Ataitumia kesho, ataitumia mwaka wote, na atapata misalaba mwaka wote bila kujua kwa nini. Ukimuuliza "umefikaje hapa?" atakueleza kanuni yake vizuri kabisa, na kumbe hapo njo pa kuanzia.

Mwenzetu mmoja, ana lisansi ya uchumi, alimweleza mtoto kama huyo: mbili haitoshi, tunaazima moja kwa jirani. Mtoto akauliza: "Na itarudishwa lini?" Mwenzetu akakosa jibu. Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilituuma, ju katika sisi wote pale, na diploma zetu, hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ile moja si deni. Ni kumi iliyofunguliwa kuwa moja-moja. Tulikariri. Ikatupitisha mitihani, tukafika chuo kikuu nayo. Tulichukua mawe, tukafunga makumi manne ndani ya vifuko vidogo, mawili pembeni, tukafungua kifuko kimoja mbele yake. Alielewa. Na sisi tulielewa siku hiyohiyo, kwenye umri wa miaka 25.

Sasa namna ya kuifanya. Kuna chombo kinaitwa EGMA, kilitengenezwa na RTI International ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 2000, na kimetumika katika inchi nyingi. Hatukichukui chote, lakini mfuatano wake ni mzuri. Unakaa na mtoto mmoja, mdomo kwa mdomo, karibu dakika 20. Anasoma namba. Anachagua kubwa kati ya mbili. Anatafuta namba inayokosekana: 5, 10, 15, halafu nini? Anaongeza na kutosha, kwanza ndogo kisha kubwa. Mwisho anasikiliza kisa na kutafuta jibu. Wao wanatumia saa kwenye sehemu zingine, sekunde 60, ju wanataka kuona wepesi pia. Sisi tumeacha saa nyumbani. Hatulinganishi inchi na inchi. Tunamtafuta mtoto huyu mmoja.

Visa tuvitengeneze vya hapa. Chukudu imebeba mifuko 9 ya makala, mifuko 4 imeshushwa Birere, ngapi inaendelea? Tuko na bido 3 na dada alileta zingine 5 toka Kituku. Mtoto wa hapa aone chukudu anapofumba macho, si treni wala matofaa.

Kaeni pembeni ya mtoto, msikae mbele yake. Mzazi akubali kwanza, na mtoto naye akubali. Akikosa maswali manne yanayofuatana kwenye sehemu moja, acheni sehemu ile, nendeni kwenye ile anaweza, asitoke analia. Hakuna picha. Hakuna jina la mtoto kwenye telefone zetu, wala jina la masomo anakosoma.

Na msiandike pointi. Andikeni alichofanya. Mfano kwenye 7 na 5: kuna mtoto anahesabu mawe 7, anahesabu 5, anachanganya, anaanza tena moja mpaka kumi na mbili. Kuna anayeshika 7 kichwani na kuendelea: nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kuna anayechukua tatu kwenye tano, anajaza kumi, anaona mbili imebakia. Jibu ni moja, 12, na kwenye buletini hao watatu wanafanana. Lakini yule wa kwanza, ukimpa 38 na 25 atachoka kabla ya kufika, na atasema hesabu si yake. Huyo anatutafuta.

Kama mtu anawaambia raia hawawezi kupima watoto, mwambieni wanaweza. Huko India shirika la Pratham lilianza mwaka 2005 na kipimo kinachoitwa ASER: watu wa kawaida wanaingia nyumba kwa nyumba na karatasi fupi. Majirani zetu wa Kenya, Tanzania na Uganda walichukua mfano huo, wakaanza mwaka 2009, wakauita Uwezo, jina la luga yetu kabisa. Walipima watoto nyumbani kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili, na wakakuta watoto wengi wa madarasa ya juu hawayawezi. Ilizua kelele. Kelele ile ilikuwa na faida: wazazi waliokuwa wanauliza tu kama mtoto ameenda masomo, walianza kuuliza amejifunza nini.

Lakini kelele inaweza kuanguka juu ya mtu asiye na kosa. Tunasema hapa wazi: atakayechukua matokeo yetu kwa kutukana walimu, huyo hayuko na sisi. Mwalimu wa watoto 80, ambaye miezi inapita bila mshahara, hawezi kukaa dakika 20 na kila mmoja. Hesabuni wenyewe: 80 mara 20 ni dakika 1600, ni saa zaidi ya 26. Wiki nzima ya masomo, na zaidi. Kwa hiyo tunapomaliza na mtoto, tunaenda kwa mwalimu na heshima, tunamwambia "mwalimu, tumeona watoto hawa watano hawajafungua makumi, na hii ni mifuko ya mawe." Mwalimu mmoja alitusikiliza, akanyamaza, kisha akasema hajawahi kupewa kitu na mtu aliyekuja kukagua, kila mara wanaomba kuona daftari lake la matayarisho, wanatia sini, wanaenda.

Hayo njo tunayapeleka kwa wakubwa. Inspekta akifika, asikilize watoto wawili ao watatu, asiishie kwenye daftari la mwalimu. Mwisho wa mwaka wa pili kila mtoto apimwe kwa mdomo, kwa luga anayoijua, na mzazi aelezwe kwa maneno. Matokeo ya PASEC yaletwe kwenye kartiye kwa Kiswahili. Walimu wa "nouvelles unités" waandikwe na walipwe, na darasa la 80 ligawanywe. Tunajua watajibu hakuna franga. Tumezoea jibu hilo, tutarudi nalo tena na tena.

Mama mmoja alituuliza: "Nani anawalipa ju ya ile kazi?" Tukasema hakuna. Akauliza tena: "Na munasoma miaka yote ile?" Hapo tulinyamaza. Ndiyo mama, tulisoma, na kazi hatuna, na hatutaki kudanganya kwamba kukaa na mtoto kwenye mawe kunajaza tumbo. Wengi wetu tulitoka bila chai leo. Hatutaki pia Serikali izoee kwamba vijana watafanya bure kazi yake. Kazi hii ni ya kuonyesha shimo liko wapi. Kulijaza ni deni lao, na hilo kweli lina tarehe ya kurudishwa.

Yule msichana wa mandazi tumemrudia mara tatu. Sasa tukiandika 500 − 300 anasema "ah, ile ya mandazi," na anaandika 200. Wiki iliyopita tuliandika 52 − 38. Alifikiri sana, akapanda kwa vidole toka 38, akaandika 14, halafu akatuuliza kama imekubaliwa kufanya vile kwenye kalasi. Tumemwambia tutamuuliza mwalimu wake. Bado hatujaenda, tutaenda Jumatatu.

Jumamosi ijayo tunaanza Mabanga na Katoyi, saa nane za mchana, wawili wawili, kijana mmoja na dada mmoja. Kila mtu aje na mawe madogo 50. Nyiragongo imetupa mengi, hakuna wa kukosa. Yaosheni kwanza, yasikwaruze vidole vya watoto. Mje pia na vifuko 5, kalamu na karatasi tupu. Wanaotaka kujaribu leo mbele ya wengine kabla ya kuondoka, wabakie hapa mbele. Tuko na watoto wawili wa jirani wamekubali kutupima sisi.